Tumaini na Shamba la Majaribio

Mgonjwa huishi kwa vitu viwili: dawa aliyo nayo na dawa anayoitumaini. Ya kwanza iko mkononi, ina kipimo chake na saa yake. Ya pili iko mbali, haina kipimo wala saa, na kwa sababu hiyo huonekana tamu zaidi. Vitu hivi viwili vikipatana, mgonjwa hupata nguvu ya kungoja. Vikigombana, aghalabu kilicho mbali hukishinda kilicho karibu, na mgonjwa huachwa katikati na mikono mitupu. Ugomvi huo ulitokea katika nyumba moja ya Nanganga mwaka 2025, wala haukuletwa na mwongo. Uliletwa na kijana mwema, msomi, aliyekuja nyumbani na habari za kweli.

Nanganga ni njia panda. Barabara itokayo Lindi kwenda Masasi hupita hapo, na hapo ndipo huchepuka njia iendayo Ruangwa na Nachingwea. Abiria hushuka, hunyosha miguu, hununua karanga za kuchemsha au korosho, kisha hushika kila mmoja njia yake. Wenyeji hubaki na mashamba yao. Katika wenyeji hao yumo bibi mmoja aliyekaribia umri wa miaka 70, mwenye mikorosho, kuku wachache, na mjukuu wa kike wa miaka 17. Mama wa binti huyo alifariki akiwa kijana, na alimwachia mwanawe virusi vya UKIMWI, ambavyo mtoto alizaliwa navyo. Tangu utoto wake binti huyu hunywa dawa za kufubaza virusi. Siku hizi dawa hizo ni kidonge kimoja tu kwa siku, kilichounganishwa dawa tatu ndani yake, na mwenye kukinywa kwa utaratibu huishi, husoma, huzaa na huzeeka kama watu wengine.

Kidonge kimoja kwa siku ni kitu kidogo kwa mtu asiyekinywa. Kwa msichana aliye katika shule ya bweni si kidogo. Hapana budi kikae mahali, na mahali pote bwenini pana macho. Binti huyu alivihifadhi vidonge vyake katika kopo la poda, chini ya kitambaa, akavinywa usiku taa zikiisha kuzimwa. Siku wenzake walipomwomba poda alisema imekwisha, na siku hiyo alijulikana kuwa mchoyo. Alichagua kuitwa mchoyo. Huo ndio uzito wa kidonge, nao hauandikwi katika karatasi ya dawa.

Likizo ya katikati ya mwaka ilipofika, binti alirudi nyumbani, na siku chache baadaye akaja kaka yake, mtoto wa mjomba wake, anayesoma sayansi ya maabara za tiba Dar es Salaam. Ulikuwa wakati ambao mikorosho huanza kutoa maua na wakulima wa kusini hupulizia salfa. Kijana aliamkia, "Shikamoo, bibi." Akajibiwa, "Marahaba, mume wangu," kwa utani wa bibi na mjukuu, kisha akapewa kiti na togwa. Usiku ule baada ya chakula mazungumzo yalihama kutoka mitihani hadi maradhi, na kijana akaeleza jambo lililomjaa moyoni: kwamba wako wataalamu wanaochukua chembe za kinga kutoka katika damu ya mtu, wakazifundisha kuwatambua adui, wakamrudishia mwilini, na chembe hizo zikaenda kupigana zenyewe. "Siku moja," alisema, "watu hawatakunywa vidonge maisha yao yote. Watatibiwa mara moja tu, basi."

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na elimu ya maabara, lakini alikuwa na elimu ya mikorosho, nayo ilimtosha kuuliza vizuri. "Salfa naipulizia kila mwaka," alisema. "Ubwiriunga hauishi, hunyamaza tu, na mwaka nisiponunua salfa hurudi ukala maua yote. Hivyo ndivyo vidonge vya mwenzio. Na hilo usemalo wewe ni kama kubebesha. Mkorosho mkongwe unaukata, unachipua, unaubebesha kikonyo cha mkorosho ulio bora, mti ukawa mwingine juu ya shina lile lile. Sivyo?"

"Ndivyo hasa, bibi," kijana alijibu, akastaajabu.

"Na vikonyo hivyo vimekwisha kujaribiwa katika shamba gani?"

Kijana alicheka, akasema kwamba wako mbioni. Hakulijibu swali. Aliyekuwa akisikiliza nyuma ya mlango alichukua neno moja tu katika mazungumzo yote: siku moja.

Sasa yafaa kueleza kile ambacho kijana angaliweza kukieleza usiku ule, maana kilikuwa ndani ya uwezo wake. Virusi vya UKIMWI huingia katika seli za kinga ziitwazo seli T, hasa zile zenye alama ya CD4, na huandika maandishi yao ndani ya vinasaba vya seli hizo. Nyingi kati ya seli zilizoingiliwa hutengeneza virusi vipya, na dawa za kufubaza huikata kazi hiyo. Walakini baadhi ya seli hulala. Hazitengenezi kitu, hazionyeshi dalili yoyote juu ya ngozi yao, na kwa hiyo dawa haizigusi wala kinga haizioni. Mgonjwa akiacha dawa, baadhi huamka, na kwa watu walio wengi virusi hurudi katika damu baada ya majuma machache. Hiyo ndiyo sababu kidonge hakina mwisho. Hakikushindwa kazi, adui wake ana maficho.

Mtu wa kwanza kujulikana duniani kwamba maficho hayo yalisafishwa alikuwa Mmarekani Timothy Ray Brown, aliyetibiwa Berlin. Alikuwa na virusi na alikuwa pia na saratani ya damu. Mwaka 2007 daktari wake, Gero Hütter, alimpandikiza uloto wa mtu aliyezaliwa bila mlango uitwao CCR5, ambao virusi vingi huutumia kuingia katika seli. Saratani iliporudi alipandikizwa mara ya pili mwaka 2008. Virusi havikuonekana tena kwake mpaka alipofariki mwaka 2020 kwa saratani ile ile. Mwaka 2019 ikatangazwa habari ya mtu wa pili, Adam Castillejo wa London, na baada yake wachache wengine. Habari hizi ni za kweli na ni kubwa. Lakini upandikizaji wa uloto huweza kumwua mtu, na hufanywa kwa mwenye saratani ambaye hana njia nyingine. Tena, ule upungufu wa mlango hupatikana kwa kiasi cha mtu mmoja katika kila watu 100 wa kaskazini ya Ulaya, na kwa Waafrika ni nadra mno. Kwa kikonyo cha namna hii, mkulima wa Nanganga angetafuta mti mama katika msitu usio wake.

Kwa hiyo wataalamu waliuliza: kama mti mama haupatikani, je, haiwezekani kuitengeneza seli ya mgonjwa mwenyewe? Jibu lilianza kutafutwa mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Seli zilizopewa kipokezi kipya, ambazo leo zinasifika kwa kutibu saratani za damu, zilijaribiwa kwa wenye virusi vya UKIMWI katika miaka ya 1990. Damu ya mgonjwa ilitolewa, seli T zikatengwa, zikatiwa jeni ya kipokezi kinachokishika kirusi, zikazidishwa katika maabara, kisha zikarudishwa mwilini. Mwaka 2012 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 43 wa majaribio hayo: seli zile zilikuwa bado hai mwilini baada ya zaidi ya miaka 10, na hazikuleta saratani. Hata hivyo hazikuvishinda virusi. Kikonyo kilishika, mti ukaishi, ila korosho hazikuonekana.

Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitangaza jaribio jingine kwa watu 12. Hawakuongeza kipokezi, bali waliukata ule mlango wa CCR5 katika seli za wagonjwa wenyewe, kana kwamba wanamwigiza yule aliyezaliwa bila mlango. Seli zilizokatwa zilidumu kuliko zile zisizokatwa; walakini wachache walioacha dawa kwa muda ili wapimwe, walio wengi kati yao virusi viliwarudia. Mwaka 2022, huko California, lilianza jaribio la seli zenye vipokezi vya kukikamata kirusi mahali pawili kwa pamoja. Mwaka 2024 yakasikika matokeo ya wale waliotiwa mkasi wa jeni wa kuyakata maandishi ya kirusi ndani ya seli: ulikuwa salama, lakini walioacha vidonge virusi vilirudi. Huo ndio mwendo wa ilimu. Hupiga hatua, huanguka, huinuka na jambo moja jipya mkononi.

Katika mwendo huo limo jambo moja ambalo kijana angependa kulisimulia na bibi angependa kulisikia. Ili kuitia jeni katika seli hutakiwa chombo cha kuibeba, na chombo kinachotumika mara nyingi hutengenezwa kutokana na kirusi cha UKIMWI chenyewe, kilichoondolewa uwezo wake wa kuzaa na kudhuru. Mwizi aliyejua kuingia katika kila nyumba amenyang'anywa silaha, akafanywa tarishi. Mtoto wa kike wa Marekani, Emily Whitehead, alipopona saratani ya damu baada ya kutibiwa mwaka 2012 kwa seli zilizotengenezwa, jeni ile ilibebwa na chombo cha namna hiyo. Mwaka 2017 dawa hiyo ilipata idhini ya kuuzwa Marekani kwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja.

Bei hiyo ina sababu zake. Kidonge hutengenezwa kwa mamilioni, na kila kimoja ni ndugu wa mwenzake. Seli za mtu hutengenezwa kwa ajili ya mtu huyo peke yake, kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha bega lake. Mgonjwa aghalabu hupewa kwanza dawa kali za kupunguza seli zake ili mpya zipate nafasi. Baadaye huweza kupatwa na homa kubwa, kinga ikichachamaa kupita kiasi, naye huhitaji chumba cha wagonjwa mahututi. Katika nchi ya malaria, homa kama hiyo huhitaji macho makini zaidi. Kwa mwenye saratani iliyoshinda dawa zote, hatari hizo ni ndogo kuliko kifo kilichomkabili. Kwa msichana mzima wa miaka 17 anayeishi vizuri kwa kidonge kimoja, mizani ni nyingine kabisa. Hapa ndipo swali la bibi kuhusu shamba lilipokuwa swali zito kuliko alivyojua, na ndipo inapolazimu kukumbuka jambo la zamani la nchi hiyo hiyo.

Baba yake bibi alifanya kazi ya kukata misitu Nachingwea. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 ujumbe uliongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika na nchi jirani kwa majuma machache, sehemu kubwa kwa ndege, ukashauri karanga zilimwe katika zaidi ya ekari milioni 3. Mwaka 1947 kazi ilianza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matingatinga, zikajengwa nyumba, reli ikatandikwa kutoka pwani hadi Nachingwea, na Mtwara ikapata bandari ya maji marefu. Lililokosekana ni shamba dogo la majaribio la kutosha. Udongo wa Kongwa ulikuwa ukikauka ukawa kama sakafu, mvua hazikuja kwa kalenda, na mashine zilivunjika kwa mizizi ambayo mkulima mwenye jembe angaliwaonya. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango uliachwa, na kiasi cha pauni milioni 36 kikafutwa katika vitabu. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962.

Karanga zenyewe hazikuwa na kosa. Wenyeji walizilima kabla ya mpango ule na wanazilima hata leo. Ndizo zile zinazochemshwa na kuuzwa njia panda. Wala ujuzi haukukosekana kwa waliokuja. Kosa lilikuwa kuchukua jambo lililo kweli mahali pengine, wakalifanya kweli hapa kabla ya kuuliza udongo. Jambo hili hulielewa vema waliojifunza kwa watafiti wa Naliendele, Mtwara. Mbegu bora ya mkorosho haipewi mkulima siku ilipotoka akilini mwa mtaalamu. Hupandwa kwanza katika viwanja vya majaribio, hapa na pale, hutazamwa miaka kwa miaka, na ile inayoshindwa hung'olewa bila ya kumtia mtu hasara.

Damu nayo ina udongo wake. Virusi vya UKIMWI vina koo nyingi. Ukoo unaoitwa B ndio uliozoeleka Marekani na Ulaya ya magharibi, na utafiti mwingi wa miaka ya mwanzo ulifanywa juu yake. Tanzania virusi vilivyoenea ni vya koo za A, C na D, na mchanganyiko wao. Wataalamu huchagua kwa makusudi zile sehemu za kirusi zisizoweza kubadilika sana, kama ile inayoshika CD4, na uchaguzi huo ni wa busara. Hata hivyo busara ya karatasini haimwondolei mtu haja ya kwenda shambani. Dawa itakayotibu watu wa Afrika, ambako ndiko waliko wengi wa wenye virusi duniani, hapana budi ijaribiwe kwa hiari yao, mbele ya madaktari wao, katika hospitali zao.

Na kazi hiyo imeanza, kwa kiasi kidogo kama ipasavyo. Kampala kiko kituo cha utafiti kiitwacho Joint Clinical Research Centre. Zamani kikiongozwa na Peter Mugyenyi, kilijulikana kwa kupigania dawa rahisi za kufubaza virusi ziingie Uganda wakati bei yake ilikuwa nje ya uwezo wa watu. Dakta Cissy Kityo wa kituo hicho ameshirikiana na Jennifer Adair wa Marekani na wenzao wa nchi nyingine kuandaa njia ya tiba ya jeni kufika katika nchi zisizo tajiri, nao walizitaja Uganda na India kuwa mahali pa kuanzia majaribio. Mwaka 2019 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na Wakfu wa Bill na Melinda Gates ziliahidi kila moja angalau dola milioni 100, kwa miaka minne, kutafuta tiba za jeni za UKIMWI na selimundu ambazo zitaweza kutolewa Afrika. Shabaha ilikuwa kwamba siku za usoni seli zitengenezwe ndani ya mwili wenyewe kwa sindano, bila ya kupitia maabara ya gharama. Selimundu kutajwa pamoja na UKIMWI si bahati nasibu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wazaliwao na ugonjwa huo, na upandikizaji wa uloto umekwisha kufanywa Muhimbili na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Mikono iliyokwisha kujua kushika uloto ndiyo itakayojifunza kushika seli zilizotengenezwa.

Mwaka 2025 yalitangazwa pia matokeo kutoka KwaZulu-Natal, Afrika ya Kusini. Wanawake 20 walitibiwa mapema mno baada ya kuambukizwa, wakapewa kingamwili maalumu pamoja na dawa ya kuamsha kinga, kisha wakaacha vidonge huku wakichunguzwa kwa karibu. Wanne kati yao waliweza kuendelea bila vidonge kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kwa kumi na sita haikuwezekana, nao walirudia dawa chini ya uangalizi. Seli zao hazikutengenezwa, na kwa hiyo jaribio hilo ni jirani tu wa jambo linalozungumzwa hapa. Lakini lilionyesha kwamba shamba la majaribio laweza kulimwa Afrika, na Waafrika, kwa uaminifu wa kutaja mavuno na hasara pamoja.

Hayo yote kijana hakuyasema. Hakusema uongo, alisema nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyokuwa na kinga ndani yake.

Majuma matatu baadaye bibi alilitoa kopo la vidonge ili kulitayarisha kwa safari ya shule. Ni desturi yake kuhesabu, kama anavyohesabu magunia kabla hayajakwenda kwenye chama cha msingi. Palipaswa kubaki vidonge 40. Alihesabu 61. Akahesabu tena juu ya ungo, mmoja mmoja, akapata 61. Hakupiga kelele. Alimwita binti, akamwonyesha ungo, akamwuliza, "Mjukuu wangu, hivi 21 ni vya nani?"

Binti alilia kwanza, kisha akasema. Alisema kwamba kaka amesema dawa ya mara moja inakuja. Alisema kwamba amechoka na kopo la poda. Alisema kwamba alitaka kujua, kwa likizo moja tu, namna inavyokuwa kulala bila ya kukumbuka kitu. Maneno hayo yalimwingia kijana kuliko lawama yoyote, maana hayakuwa maneno ya ujinga. Yalikuwa maneno ya mtu aliyesikia tumaini, akalitumia kabla halijaiva, kama mwenye njaa achumaye embe bichi.

Watu wengi wakubwa wamefanya vivyo hivyo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kilichosemekana kutibu maradhi sugu, na miongoni mwao walikuwamo wenye virusi walioacha dawa zao. Wala haifai kuwacheka. Mtu aliyeambiwa kwamba maradhi yake hayana mwisho huwa na masikio makubwa kuliko wengine. Mwanzoni mwa mwaka huo wa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa ghafula na huduma nyingi za UKIMWI Afrika zikayumba, ilidhihirika pia kwamba hata kidonge kilicho mkononi huweza kutegemea mkono wa mbali. Kwa hiyo hamu ya tiba yenye mwisho si anasa wala utoto. Ni haki. Lakini haki hiyo huhitaji kusubiri kwa macho wazi, na macho hayafunguki kwa habari nusu.

Kesho yake asubuhi kijana alimpeleka mdogo wake katika kituo cha afya. Muuguzi hakuwagombeza. Alisikiliza, akaandika, akamwanzishia tena dawa siku ile ile, akamweleza kwamba kuacha na kuanza hovyo huweza kuwafundisha virusi kuishinda dawa, akampangia siku ya kupimwa wingi wa virusi. Alimpa pia kikopo kidogo kisicho na maandishi, kwa ajili ya bweni. Njiani kurudi kijana alianza upya mazungumzo yake, safari hii na mwenye haki ya kuyasikia. Alimwambia habari za Berlin na za Pennsylvania, za waliopona na za waliorudiwa na virusi, za homa na za gharama, za koo za virusi na za Kampala. Hakumficha kwamba siku ile haina tarehe.

Binti alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kaka, na wale wanaojaribiwa, huacha vidonge?"

"Wengine huacha, mdogo wangu. Lakini hupimwa mara kwa mara, na virusi vikirudi hurudishiwa dawa upesi."

"Basi mimi nilijijaribia peke yangu," alisema, "wala sikuwa na wa kunipima."

Mtaalamu angeweza kuandika kurasa nyingi kuhusu tofauti ya jaribio na bahati nasibu, asiiseme vizuri zaidi. Anayejaribiwa kwa haki ameulizwa, ameelezwa hatari, ameridhia, anapimwa, na kuna mtu anayewajibika kwake.

Jioni bibi aliwasimulia wote wawili habari za baba yake na matingatinga ya Nachingwea, jinsi misitu ilivyoangushwa kwa minyororo mikubwa na jinsi magugu yalivyorudi. Kisha alimgeukia kijana. "Mume wangu, soma sana hicho kikonyo chako. Kije. Nami nikiwa hai nitakuwa wa kwanza kushangilia. Lakini siku watakapokuja kutafuta mahali pa kukijaribia, waambie waje waulize kwanza hapa njia panda. Na mpaka siku hiyo, salfa isikosekane."

Miezi ilipopita majibu ya kipimo yalitoka: virusi havikuonekana. Binti alikuwa amekwisha kurudi shule, na kikopo kisicho na maandishi kilikuwa ndani ya sanduku lake. Kijana naye aliporudi Dar es Salaam alikuwa na mazoea mapya. Kila alipotaja ugunduzi mbele ya watu alianza kwa kusema umejaribiwa wapi, kwa watu wangapi, na waliobaki ilikuwaje.